Kadi Moja ya Picha, Mabwana Wawili

Binti yangu Nabintu aliponiuliza kama kompyuta moja inaweza kufanya kazi ya kompyuta mbili, jibu sahihi lilikuwa fupi: nunua batri ya pili. Nililijua. Miaka yote niliyokaa katika soko la Nyawera, hapa Bukavu, nikitengeneza mashine za watu niliwapa wengine jibu hilohilo, tena kwa dharau. Lakini siku hiyo kwenye benchi la karakana yangu walikuwa wamekaa vijana wakitazama kwenye simu mafundi wa ng'ambo, na mmoja wao alikuwa ametoka kusema, wala hakupunguza sauti, kwamba wazee wa Nyawera wanajua kupuliza vumbi tu. Nikamwambia mwanangu, "Inawezekana. Niachie mashini."

Hilo ndilo ninalojuta. Mengine yote yalifuata hapo.

Nawaandikia ninyi mnaoianza kazi hii sasa. Nawajua, maana bado mnapita kwangu, ingawa nimefunga karakana na macho yangu hayasomi tena herufi zilizochapwa juu ya chipu. Mnakuja na maneno makubwa. Mnasema mmeipa mashine pepe kadi ya picha, mmebofya kisanduku kimoja, na mnataka makofi. Nikiwauliza ni kadi ipi mmetoa, na mwenye nyumba amebaki na nini cha kuonea, mnatazama dari. Kaeni basi. Nitaeleza polepole, kama kwa watu wanaofundishwa kuvaa viatu.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Ni programu inayojifanya kompyuta ndani ya kompyuta ya kweli. Ile ya kweli tuiite mwenyeji, ile pepe tuiite mgeni. Mgeni anadhani ana ubongo wake, kumbukumbu yake na diski yake. Anadanganywa kwa upole, na kwa kazi nyingi udanganyifu huo unatosha. Akitaka kuandika barua, hana tabu. Tabu huanza anapotaka picha.

Kadi ya picha, hii mnayoiita carte graphique, ni kiwanda kizima kwenye ubao mmoja. Ina vibarua wengi sana wasio na akili nyingi, na kila mmoja anapaka nukta yake wakati uleule na wenzake. Mgeni anaweza kupata picha kwa njia tatu. Ya kwanza, mwenyeji anamchorea kwa ubongo mkuu. Hiyo inamfaa katibu wa parokia. Mpe kazi ya filamu, utamwona bibi harusi akitembea kama anavuka tope la Kadutu mwezi wa nne. Ya pili, mgeni anaomba na mwenyeji anamtafsiria kadi maombi yake. Inakwenda kidogo, lakini programu za filamu ni za watu wenye majivuno, hazipendi mkalimani. Ya tatu ndiyo inayowapa ninyi kiburi: mwenyeji anaondoa mkono kabisa, anaiachilia kadi, na mgeni anaishika kama mali yake. Hapo mgeni hupata karibu nguvu zote za kadi. Na mwenyeji hupata nini? Giza. Kadi hizi za nyumbani hazitumikii mabwana wawili kwa wakati mmoja. Zipo kadi za makampuni makubwa zinazojigawa, lakini hizo hamtazikuta Nyawera, na mkizikuta, zimeibwa.

Giza hilo nalijua kwa sababu nililiingia mwenyewe. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Salumu, mtu wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara wa Uvira, aliyeanza na redio, akapita kwenye televisheni, akafika kwenye kompyuta bila kubadilisha kiti. Alikuwa amekwisha kuzeeka nilipojaribu jambo hili mara ya kwanza. Nilisoma maelezo nusu, nikachukua kompyuta yenye kadi moja, nikamkabidhi mgeni kadi hiyo. Kioo kikawa cheusi. Nikadhani nimeiunguza. Nikaifungua, nikainusa, nikaipuliza (yule kijana wa benchi hakukosea kabisa), nikairudisha, nikawasha: picha ikaja. Nikamwita mgeni tena: giza. Nilizunguka hivyo asubuhi nzima, na Salumu ananitazama huku akinywa kahawa yake chungu.

Mwishoni akaniuliza, "Bisimwa, mashine hii ilikuwa na macho mangapi?"

"Moja, muzee."

"Ukampa nani?"

"Mugeni."

"Basi mwenye nyumba akipapasa ukuta, wewe unashangaa nini?"

Alilisimulia jambo hilo soko zima. Mpaka leo kuna mama anayeuza ndizi pale ambaye akiniona anaziba jicho moja kwa kiganja.

Kwa hiyo somo la kwanza, na mliandike mahali: muwe na macho mawili. Prosesa nyingi zina picha ndogo ndani yake. Hiyo mwachieni mwenyeji, inamtosha. Kadi kubwa, ile ya kuchomeka, ndiyo ya mgeni. Na kabla ya kununua kadi kubwa, fungueni kifuniko muone chipu iliyo chini. Msisome karatasi iliyobandikwa juu yake. Mimi nilinunua kadi yenye jina la simba, nikakuta ndani paka mzee aliyeandikwa upya kwa programu ili ajitangaze simba. Muuzaji alikuwa mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Alipoona nimerudi nayo aliniambia, "Papa, kadi iko bien, ni mashini yako haiiheshimu."

Nabintu hakuwa anatafuta majivuno. Alikuwa anatengeneza filamu za harusi, za komunyo na za matanga, katika chumba kimoja cha nyumba aliyopanga Ibanda. Alikuwa na kompyuta mbili. Moja ilikuwa na Windows, ya kukatia filamu. Nyingine ilikuwa na Linux, ya kuhifadhia picha zote zilizotoka kwenye kamera, ya mtandao na ya kupokea vifaa vya wateja vilivyojaa virusi. Mpango wenye akili sana, na nilikuwa nimemshauri mimi. Lakini courant ya mji wetu, umeme huu, mnaijua. Ikiondoka, batri yake ilibeba mashine moja tu. Akiwasha ya kukatia, ghala la picha limelala. Akiliamsha ghala, kazi imesimama. Wateja hawaelewi hayo. Mteja wa Bukavu anataka filamu kabla maua hayajanyauka.

Ndiyo maana akaniomba: Linux iwe mwenyeji na ikae na diski za picha, Windows iwe mgeni na ishike kadi kubwa, vyote katika sanduku moja, juu ya batri moja. Ombi la mtu mwenye njaa ya kazi. Batri ya pili ingemchelewesha kidogo, asingekosa usingizi. Mimi nikampa mnara wa Babeli.

Msinielewe vibaya, mnara ulisimama. Nilifanya yote yanayotakiwa, na nitawaambia hata kama hamtayakumbuka.

Kwanza, ndani ya kila kompyuta nzuri kuna mlinzi anayezuia kifaa kuandika kwenye kumbukumbu isiyo yake. Usipomwamsha mlinzi huyo katika mipangilio ya kiwandani, ile inayokuja kabla ya Windows au Linux kuamka, huwezi kumkabidhi mgeni kitu. Wengi wenu mnakwama hapo na mnailaumu kadi. Pili, mlinzi huyo anavipanga vifaa kwa makundi kulingana na nyaya vinazochangia, na kundi halikatwi katikati. Ni kama kwenda kutoa mahari kwa Wahavu au kwetu Washi: huwezi kumwita shangazi mmoja unayempenda ukawaacha wengine mlangoni. Ukiita mmoja, umeita ukoo. Kuna viraka vya kumdanganya mlinzi aone kundi moja kama mawili. Mnavipenda sana. Anayedanganya mlinzi wake mwenyewe asishangae akiibiwa.

Tatu, kadi ya picha ni vitu viwili katika mwili mmoja: picha na sauti, ile sauti inayopita kwenye waya unaokwenda kwenye kioo. Vyote viwili vinakwenda kwa mgeni pamoja. Likumbukeni hili la sauti, kwa sababu mashine ilinikumbusha na mimi nikalidharau. Nne, kumbukumbu utakayompa mgeni imekwenda, mwenyeji haigusi tena mpaka mgeni alale, kwa hiyo usigawe kama mtu wa kampeni. Tano, kuna kadi ambazo mgeni akilala hazitaki kuamka tena. Zinabaki zimelewa. Dawa yake ni kuzima sanduku zima. Hakuna dua.

Nilipomaliza, Nabintu alikata harusi nzima mbele yangu, filamu inateleza kama mafuta, na ghala liko wazi pembeni. Akasema, "Papa, hii iko natembea kuliko ile ya zamani." Nami nikajisikia kama nimejenga daraja la Ruzizi. Siku chache baadaye niliwaita wale vijana wa benchi waje Ibanda waone. Walikuja, wakaona, wakatia simu zao mfukoni. Ningeishia hapo ningekufa mtu wa kuheshimiwa.

Sasa niwaambie habari ya harusi moja, maana bila hiyo hamtajua nini kilikuwa ndani ya sanduku.

Familia moja ya Ibanda ilimwoza binti yao. Siku ya harusi babu yao alishushwa kutoka kijijini, upande wa Lwiro, mzee aliyekuwa akitembea kwa kushikwa. Akambariki bibi harusi kwa Mashi, lugha yetu Washi, ile ya zamani, ile yenye mafumbo na majina ya waliotangulia, ambayo hata mimi Mushi nilielewa nusu. Wajukuu hawakuelewa kitu, lakini walilia. Nabintu alikuwa amemwekea mzee kinasa sauti kidogo kwenye kola, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya chini na muziki wa wageni ulikuwa wa juu. Wiki chache baadaye mzee akafariki. Familia ikamtuma mjomba wa bibi harusi, Papa Cishugi, kwa mwanangu. Akasema filamu sasa si ya harusi tena. Walitaka maneno ya mzee yaonyeshwe siku ya kuondoa matanga, na kaka mmoja mkubwa ayatafsiri mbele ya ukoo, ili watoto wajue waliachiwa nini. Hakuna mwingine aliyekuwa anayajua maneno hayo kwa moyo. Yalikuwa kwenye diski ya Nabintu tu.

Mtauliza, na kadi ndogo za kamera? Hapa ndipo mnapaswa kuijua kazi ya filamu ya mji huu. Kila Jumamosi kuna harusi. Mpiga picha ana kadi chache za kamera. Jumapili anazimwaga kwenye diski, anazifuta, na Jumamosi inayofuata anarudi nazo kanisani. Kila mmoja anafanya hivyo. Na mimi fundi, baba, mtaalamu wa kuwacheka watu wasio na nakala, sikuwahi kumwekea mwanangu diski ya pili ya nakala. Nilikuwa nimeshughulika na mnara.

Basi radi. Radi ya ziwani haihitaji maelezo kwenu. Ilipita kwenye waya wa mtandao, ikaua kadi ndogo ya mtandao iliyokuwa imechomekwa ndani ya sanduku. Nyingine zote zikapona. Nabintu akanipigia, nikaenda, na vijana wawili wa benchi wakanifuata kwa sababu sasa walikuwa wananiita mwalimu. Nikaichomoa kadi iliyokufa, nikafunga kifuniko. Kazi ya muda wa kunywa chai. Nikasema, tuwashe, muone kama radi inaweza kumshinda Bisimwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya sanduku kila kifaa kina anwani. Nilipompangia mgeni kadi ya picha nilimwandikia anwani yake: nenda nyumba fulani, mwenye nyumba hiyo ni wako. Lakini anwani hizi hazikuchongwa kwenye jiwe. Mashine inazihesabu upya kila inapoamka, ikianzia juu. Ukiondoa nyumba moja ya juu, zote za chini zinapanda namba moja. Kadi ya mtandao ilikuwa juu ya kadi ya picha. Chini ya kadi ya picha kilikuwa kibao nilichoongeza mimi mwenyewe, kile kilichoshika diski za ghala. Nilipochomoa kadi ya mtandao, kadi ya picha ilipanda mahali pake. Na anwani niliyomwandikia mgeni ikawa sasa ni ya kibao cha diski.

Kuitazama orodha ya anwani kabla ya kumwita mgeni ni amri moja fupi. Mtoto anaijua. Ninyi mnaijua. Mimi sikuiandika, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Nikamwita mgeni. Akakataa. Mashine ikaniambia kwa maneno ya wazi kwamba sauti ya kadi haipo kwenye anwani niliyotaja. Bila shaka haikuwepo: kibao cha diski hakiimbi. Mashine ilikuwa inanishika shati na kuniambia, mzee, hii si nyumba unayoitafuta. Mmoja wa vijana akauliza, "Mwalimu, juu ya nini inakataa?" Nikasema, ni sauti tu, tutairudisha baadaye. Nikaufuta ule mstari wa sauti katika maagizo niliyomwandikia mgeni. Nikamwita mgeni tena. Akaja.

Alikuja akionekana katika kile kidirisha kidogo cha mwenyeji, picha ile ya polepole, ya katibu wa parokia. Mtu mwenye akili angejiuliza: kama mgeni ameshika kadi kubwa, kwa nini picha inatoka hapa? Nilisema kadi imelala, itaamka. Kisha Windows ikatoa ujumbe: imeona diski isiyoisoma, je, niiandae ili itumike? Nabintu alikuwa mlangoni.

"Papa, hiyo ni diski gani?"

"Ile tupu niliyomwekea Windows mwezi uliopita, ya kukatia filamu."

"Una hakika?"

Mbele ya watu. Mtoto wangu ananiuliza mbele ya watu kama nina hakika. Nikabofya ndiyo.

Windows haijui diski za Linux. Inaziona kama ukuta mweupe. Ikaupaka chokaa ukuta huo, ikamaliza upesi, ikanishukuru. Ni kijana yule wa kupuliza vumbi aliyesema baada ya muda, "Mwalimu, kadi ya picha haiko hapa. Kuna tu diski." Alisema kwa heshima. Nabintu alikuwa amekwisha kupita, ameketi upande wa mwenyeji, anafungua ghala. Ghala halikuwepo.

Sitawachosha na juhudi zangu za uokoaji. Nilizifanya zote. Kwa programu za kukusanya vipande nilipata sehemu ya picha za kamera: mzee ameinua mkono, mdomo unatembea, bibi harusi amepiga magoti. Mafaili ya kile kinasa sauti cha kola yalikuwa madogo, na ndiyo yaliyokanyagwa kwanza. Maikrofoni ya kamera yenyewe ilikuwa imenasa muziki wa wageni. Mwanangu aliketi na vipande hivyo akitafuta neno moja la mzee chini ya ngoma. Hakupata.

Papa Cishugi alikuja Jumatatu na shangazi wawili. Niliwatangulia kuongea. Nilikuwa nimefikiria maneno yangu njia nzima, na njia nzima nilijua nitasema uongo. Katika mji huu kuna uongo mmoja ambao kila mtu anao mfukoni, kwa sababu mara tisa kati ya kumi ni kweli. Nikasema, "Muzee, mutusamehe. Ni courant. Ilikatika kwa nguvu, ikaua diski."

Nilidhani uongo huo haumuumizi mtu. Nani atailaumu courant? Kila mmoja anaitukana, haina mama wa kulia. Papa Cishugi alitikisa kichwa, akatazama ile batri kubwa kwenye kona, yenye taa yake ya kijani, akamgeukia Nabintu.

"Mama, na ile batri? Iko ya mapambo?"

Akaisogelea, akaigonga kwa kidole.

"Tulipita mbele ya mafundi wengine tukaja kwako, juu walisema wewe uko na batri, unafanya kazi ya kweli. Sasa ulikuwa unatumikisha vitu vya watu bila batri? Ni juu ya kuchunga franga zako?"

Mwanangu alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemngojea mwingine afungue mlango alioshika ufunguo wake. Nilikuwa na muda. Nawaambia ninyi, muda ulikuwepo, mrefu wa kutosha kusema sentensi nzima na kumeza mate. Mimi nilitazama batri pamoja na wengine, kana kwamba na mimi nashangaa.

Nabintu akasema, "Pardon, tonton. Ni miye. Sikuiwasha."

Papa Cishugi hakupaza sauti. Alisema, "Tulikupatiaka muzee akiwa anasema. Unaturudishia yeye akinyamaza." Akavaa kofia yake, na shangazi wakamfuata. Shangazi wa mwisho alikiacha kikombe cha chai hakijaguswa, na kwetu hilo ni neno.

Siku ya kuondoa matanga walionyesha zile picha bila sauti, kisha kaka mkubwa akasimama akasema kwamba fundi wa filamu alizembea na batri. Aliitaja Ibanda, akalitaja jina lake. Ukoo ule ni mkubwa, na mji huu unakula habari kuliko sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Harusi mbili zilizokuwa zimepangwa zikaenda kwa wengine. Kisha komunyo. Vijana wangu wa benchi walijua ukweli, na wawili hao ni watu wazuri: hawakusema, kwa kuniheshimu mimi. Heshima ya namna hiyo iogopeni. Ilinisaidia kuendelea kuwa mwoga.

Nabintu alizungumza nami kuhusu jambo hilo mara moja. Tulikuwa tunateremsha vifaa vyake kuvipeleka kwa mnunuzi.

"Papa, siku ile courant haikukatika."

"Najua."

"Nilikuwa nangojea useme."

Nikasema ningemwambia Papa Cishugi. Akasema, "Sawa, papa," kwa sauti ambayo mtu humwambia mteja anayeahidi kurudi.

Nilikwenda kweli, lakini Nabintu alipokuwa amekwisha kuondoka mjini. Nilimweleza Papa Cishugi yote, kadi, anwani, mstari wa sauti, na kuelewa hakuelewa, ila alielewa kwamba mimi ndiye. Alinipa kiti na akaniletea Fanta. Akasema, "Muzee, kweli yako imechelewa. Mutoto amekwisha kubeba." Alinisindikiza mpaka barabarani kama mgeni wa kawaida, na hilo liliniuma kuliko kama angenifukuza.

Ninyi mtatoka hapa mkiwa mmekumbuka amri ya kutazama anwani, na hilo ni jema, liandikeni. Mfungieni mgeni kadi kwa utambulisho wake, msitegemee anwani peke yake. Chomoeni nyaya za diski za kazi kila mnapobadilisha kitu ndani ya sanduku. Mashine ikikataa, isomeni inachosema, msifute mstari unaowaaibisha. Na mteja akiwaomba kompyuta mbili ndani ya moja, mwulizeni kwanza kama anahitaji batri. Mara nyingi anahitaji batri. Mtaonekana wajinga mbele ya benchi, na benchi litakwenda nyumbani kula.

Mwanangu anaishi Kalemie sasa. Anauza vitenge. Ana afya, ana watoto wawili ambao nawajua kwa picha anazomtumia dada yake mkubwa. Kamera hajaishika tena. Humpigia mke wangu simu kila Jumapili baada ya misa, na mimi nikiwa nimekaa kiti cha pili nasikia sauti yake ikitoka, ikiuliza habari za mvua, za majirani, za goti la mama yake. Mwishoni humwambia amsalimu papa. Mke wangu akininyooshea simu, ananikuta nimenyoosha mkono tayari, na laini imekatwa.

Kule kusema "Inawezekana" mbele ya benchi kulinigharimu binti yangu. Yuko hai, na hasemi nami.